Siku Saba Nyuma ya Msoma Shajara

Siku ya kwanza. Osaka hadi Tokyo

Nimetoka Osaka saa moja asubuhi. Mkobani nina kamusi ya Kijapani cha kale, nakala yangu ya Tosa Nikki iliyochakaa kwa alama za penseli, na karatasi moja ndani ya bahasha ya plastiki. Karatasi hiyo ndiyo pekee iliyosalia katika daftari la chombo la marehemu babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi kati ya Pangani na Unguja. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia, na ni siku moja tu inayosomeka vizuri: “Kaskazi kali. Hatukutweka. Tupo Kipumbwi, pale pale pa jana.”

Nilipoanza kusoma maandishi ya kale ya Kijapani, miaka mitatu iliyopita, mwalimu alitugawia kurasa chache za Tosa Nikki, shajara ya safari ya baharini kutoka jimbo la Tosa, iliyoandikwa mnamo mwaka 935 na mshairi Ki no Tsurayuki. Humo nikakutana na maneno yaliyobeba siku nzima: upepo mbaya, chombo hakikuondoka, wapo mahali pale pale pa jana. Niliweka kalamu chini. Nilimwona babu ameketi tezi, amekunja miguu, anangoja upepo pamoja na watu waliokufa miaka elfu moja kabla yake.

Aliyenifundisha kuzisoma shajara hizi, ingawa sikuwahi kumwona kwa macho, ni Profesa Donald Keene. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1922, akafariki Tokyo mwezi Februari 2019 akiwa na miaka 96. Katika umri huo mrefu alifundisha, akatafsiri, akaandika historia nzima ya fasihi ya Japani tangu mashairi ya kwanza mpaka waandishi wa zama zake. Nimeamua kufuata nyayo zake kinyumenyume: nianze alikozikwa, nimalizie alikokaa akiwa mwanafunzi kijana.

Ndani ya treni ya mwendo kasi nimerudia kusoma habari ya kitabu cha senti 49. Ilikuwa mwaka 1940. Keene ana miaka 18, yuko chuoni Columbia, Ufaransa imekwisha kuanguka mikononi mwa Hitler, na kijana huyu anachukia vita kuliko kitu chochote. Katika duka la vitabu vya bei rahisi Times Square akaona rundo la hadithi ya Genji, juzuu mbili nene katika tafsiri ya Arthur Waley, kwa senti 49. Hakujua hata kama Japani ina fasihi. Alinunua kwa sababu kurasa zilikuwa nyingi na bei ndogo. Akafungua, akakuta dunia isiyo na vita ndani yake. Genji anapenda, anakosea, anahuzunika, analia kwa sababu anajua uzuri haudumu. Keene alisema kwamba alikuwa akikimbilia humo kuepuka habari za magazetini. Mwandishi wake, bibi wa kasri tunayemjua kwa jina la Murasaki Shikibu, alikuwa akiiandika mwanzoni mwa karne ya 11.

Saa tano nimeshuka Tokyo, na kufika mchana nilikuwa Nishigahara, wilaya ya Kita. Mtaa huu Keene aliupenda, akakaa humo miaka mingi, jirani na bustani ya kale ya Furukawa. Bustani ina jumba la mawe la mtindo wa Kiingereza lililosanifiwa na Josiah Conder, na mbele yake mawaridi ya Oktoba. Ukishuka ngazi, mawaridi yanaisha ghafla na unaingia bustani ya Kijapani: bwawa, taa za mawe, misonobari. Nimekaa kwenye benchi mpaka mlinzi alipopita kutukumbusha muda. Nikarudi kupitia barabara nyembamba ya maduka madogo, nikanunua kiazi kitamu cha kuchoma, nikala nikitembea, jambo ambalo hapa si adabu sana, lakini njaa ilinizidi.

Siku ya pili. Tokyo, Kita

Asubuhi nimekwenda maktaba kuu ya wilaya. Ni jengo la matofali mekundu, na zamani lilikuwa sehemu ya karakana ya silaha za jeshi la nchi kavu. Ndani yake kuna kona yenye vitabu ambavyo Keene aliikabidhi wilaya yake. Nimesimama pale kwa muda. Mtu aliyechukia vita tangu utotoni, aliyepelekwa vitani kwa sababu ya lugha, vitabu vyake vimepata hifadhi katika nyumba iliyokuwa ya risasi. Nilitamani kumwonesha mtu, lakini waliokuwapo walikuwa wazee wawili wakisoma magazeti na mwanafunzi aliyelala juu ya daftari la hesabu.

Nimesoma pale habari za mwalimu wake, Tsunoda Ryusaku. Huyu ndiye mtu ambaye Keene, hata alipokuwa profesa mashuhuri, aliendelea kumwita “Sensei”, mwalimu, bila jina mbele wala nyuma. Mwaka 1941 Keene alijiandikisha katika darasa lake la fikra za Kijapani pale Columbia, akakuta yeye ndiye mwanafunzi pekee. Akaona aibu, akapendekeza aache ili asimpotezee mzee muda. Tsunoda akamjibu kwamba mwanafunzi mmoja anatosha. Basi kila kipindi mzee alikuwa ameshajaza ubao kwa maandishi kabla mwanafunzi hajaingia, na mezani ameweka vitabu vingi, endapo kijana atauliza swali. Desemba mwaka huohuo Japani ikashambulia bandari ya Marekani ya Pearl Harbor, na Tsunoda akatiwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Aliachiwa baada ya kufikishwa mbele ya hakimu, akarudi kufundisha.

Mimi nimefundishwa katika madarasa ya watu mia mbili. Nimefundishwa pia katika chumba cha watu wanne, tukibishana saa nzima juu ya kiambishi kimoja cha kitenzi. Najua kipi kati ya viwili kilinibadilisha.

Alasiri nimekwenda hekalu la Muryoji, hapohapo Nishigahara. Kaburi la Keene halina makuu. Kwenye jiwe kuna umbo la mbwa wa rangi ya njano. Kwa Kijapani rangi ya njano ni “ki”, na mbwa ni “inu”; ukiviunganisha unapata “Kiinu”, jina lake. Alikuwa na jina jingine la mchezo pia, aliloliandika kwa herufi nne za Kichina alizozisoma Kiin Donarudo, yaani Keene Donald, ingawa kwa kawaida husomeka Kinu na Naruto: Kinu ni mto, Naruto ni mlangobahari wenye vimbunga vya maji. Mwaka 2011, baada ya tetemeko kubwa na tsunami ya tarehe 11 Machi, wageni wengi walipokuwa wakiondoka Japani, yeye alimaliza darasa lake la mwisho Columbia, akahamia Tokyo moja kwa moja. Alipata uraia mwezi Machi 2012, akiwa na miaka 89.

Nimeweka maua, nikamsalimu kwa Kiswahili. Sikuona lugha nyingine iliyonifaa.

Kabla ya kulala nimesoma kidogo Sarashina Nikki. Msichana wa miaka 13, binti wa mtawala wa jimbo la Kazusa, ng'ambo ya ghuba hii ya Tokyo, amesikia dada yake na mama yake wa kambo wakisimulia vipande vya hadithi ya Genji, lakini hakuna anayeikumbuka yote. Anamchongesha Buddha wa kimo chake mwenyewe, anamsujudia kwa siri, akiomba apelekwe mji mkuu upesi akasome hadithi zote zilizopo duniani. Mwaka 1020 wakaanza safari, miezi mitatu njiani. Hatimaye shangazi yake mmoja akampa Genji nzima ndani ya kisanduku. Anasema alijilaza nyuma ya pazia akasoma mchana kutwa, na usiku taa karibu, na hata cheo cha malkia hakukitamani. Kati ya kisanduku hicho na senti 49 za Times Square ipo miaka 900 na zaidi, na furaha ni ileile.

Siku ya tatu. Tokyo hadi Kashiwazaki

Treni ya kaskazini inaingia milimani, kisha inaingia gizani: handaki la kilomita 22 chini ya safu inayoigawa Japani, upande wa jua na upande wa theluji. Humo gizani nimesoma sehemu niliyokuwa nikiikwepa.

Mwezi Februari 1942 Keene aliingia shule ya lugha ya jeshi la majini iliyokuwa Berkeley, akasoma Kijapani usiku na mchana kwa miezi 11. Kisha akapelekwa Hawaii. Kazi aliyokuta ni kutafsiri makaratasi yaliyookotwa katika uwanja wa vita, na mengi yalikuwa ya kuchosha. Siku moja akaliona sanduku linalonuka. Ndani yake mlikuwa na vijitabu vidogo, vingine vina madoa ya damu iliyokauka: shajara za askari wa Kijapani, zilizotolewa kwenye maiti au kuokotwa zikielea baharini.

Jeshi la Marekani liliwakataza askari wake kuandika shajara, adui asije akazisoma. Wajapani hawakukatazwa. Tangu shule ya msingi walizoea kuandika, wakaendelea mpaka mahandakini. Mwanzo ni maneno ya kishujaa. Kisha meli ya jirani inazama. Kisha malaria. Kuna askari mmoja aliyeandika jinsi walivyosherehekea mwaka mpya wakiwa watu 7 waliobaki, wakagawana punje 13 za maharage, chakula chote walichokuwa nacho. Na katika baadhi ya shajara, ukurasa wa mwisho, Keene aliona maneno ya Kiingereza yakimwomba Mmarekani atakayeokota airudishe kwa familia baada ya vita. Akazificha kinyume cha amri, akikusudia kuzirudisha. Zilikutwa mezani kwake, zikachukuliwa.

Keene alisema kwamba Wajapani wa kwanza kuwajua kwa kweli walikuwa waandishi wa shajara hizo, na wote walikuwa wamekwisha kufa alipowasoma. Miaka 40 baadaye alianza kuchapisha katika gazeti la Asahi makala mfululizo juu ya shajara za Kijapani, tangu karne ya tisa, na katika utangulizi akarudi kwenye lile sanduku linalonuka. Nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba alikuwa akilipa deni. Shajara alizoahidi moyoni kuzirudisha zilimponyoka, akazirudisha nyingine zote.

Nimeshuka Nagaoka, nikapanda treni ya polepole hadi Kashiwazaki. Kabla ya jua kuzama nimekwenda pwani. Mchanga mweusi, upepo wa baridi, na mbali mstari wa kisiwa cha Sado, mahali walipopelekwa uhamishoni wafalme na washairi.

Mshairi Basho alipita njia hii kiangazi cha mwaka 1689, katika safari yake ya kilomita zipatazo 2,400, nyingi kwa miguu, akiwa na mwanafunzi wake Sora. Katika kitabu chake cha safari hiyo mkoa huu wote unapita kwa mistari michache: joto, mvua, roho iliyochoka, ugonjwa, hivyo hakuandika. Halafu anatoa shairi moja la ajabu. Nalitafsiri hivi: bahari imechafuka, juu yake, mpaka Sado, mto wa nyota umelala.

Lakini Sora naye alikuwa na daftari lake, lililokuja kuchapishwa mwaka 1943, na lina mambo ambayo mwalimu aliyaacha. Hapa Kashiwazaki walikuja na barua ya kutambulishwa, lakini mapokezi hayakuwapendeza. Basho akakasirika, akatoka na mvua ikinyesha. Wakatumwa watu mara mbili kumrudisha. Hakurudi. Hayo yote hayamo katika kitabu cha Basho, na tarehe zake nyingine hazilingani na za Sora hata kidogo. Keene, aliyekitafsiri kitabu hicho, hakumhesabu Basho kuwa mwongo. Aliona msanii aliyechagua. Mimi nawataka wote wawili. Babu yangu angekuwa upande wa Sora: upepo, bandari, shehena, basi. Lakini nikisoma “pale pale pa jana” nasikia kitu kilichozidi shehena.

Siku ya nne. Kashiwazaki

Nilikuja kwa ajili ya leo. Kituo cha Donald Keene kilifunguliwa hapa mwezi Septemba 2013, na ndani yake wamekijenga upya chumba chake cha kusomea cha New York kwa samani na vitabu vyake vyenyewe, kutoka ile nyumba iliyotazama Mto Hudson. Unasimama mbele ya meza ya mtu. Vitabu ni vile alivyovishika. Nilitarajia meza kubwa ya profesa, nikakuta chumba cha mtu aliyefanya kazi.

Na kazi ilikuwa kubwa. Baada ya vita alirudi Columbia akachukua umahiri. Mwaka 1948 akaenda kufundisha Cambridge, Uingereza, akakaa miaka mitano. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu tamthilia ya vikaragosi ya mwandishi Chikamatsu. Alipotoa pale Cambridge mihadhara ya kuwafungulia watu wote mlango wa fasihi ya Kijapani, waliofika walikuwa kama kumi, wengi wao marafiki na wanafunzi wake. Mihadhara hiyo ikawa kitabu mwaka 1953. Mwaka 1955 akatoa mkusanyo mkubwa wa fasihi ya kale kwa Kiingereza, akaanza kufundisha Columbia, na hakuacha mpaka 2011. Hiyo ni miaka 56. Katikati yake akaamua kuandika historia ya fasihi ya Japani, akidhani itamchukua muda mfupi. Ilimla karibu miaka 25. Juzuu ya mwanzo wa mambo, ile ya kuanzia nyakati za kale hadi mwisho wa karne ya 16, ndiyo aliyoimaliza mwisho, mwaka 1993, akiwa na miaka 71.

Hapo nilikaa chini. Mimi nina sura mbili za tasnifu na tayari nalalamika.

Mama mmoja mzee, mwenyeji wa hapa, alikuwa akizunguka polepole kwa mkongojo. Alinisalimu kwa kuinama, nami nikainama zaidi yake. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akauliza kama kuna theluji, nikamwambia ipo moja, juu ya Kilimanjaro, nayo inapungua. Kisha akanieleza kwa nini chumba cha mtu wa New York kimekuja kukaa Kashiwazaki.

Tarehe 16 Julai 2007 tetemeko la kipimo cha 6.8 liliupiga mji huu. Na kulikuwa na mchezo wa kale wa vikaragosi unaomhusu mtawa Kochi Hoin, anayehusishwa na mkoa huuhuu. Ulichapwa mwaka 1685, kisha ukapotea kabisa Japani. Nakala moja ilikuwa imechukuliwa na daktari Mjerumani, Engelbert Kaempfer, akaenda nayo Ulaya, ikaishia London, na mwaka 1962 mtafiti wa Kijapani, Torigoe Bunzo, akaikuta huko. Keene, rafiki wa Torigoe, ndiye aliyemhimiza mpiga shamisen mmoja, ala ya nyuzi tatu, auhuishe. Huyo baadaye akawa mwanawe wa kulea. Mwezi Juni 2009 mchezo ukaoneshwa hapa Kashiwazaki, mara ya kwanza baada ya miaka mia tatu hivi, na hivyo ndivyo Keene alivyofungamana na mji huu.

“Nyumba yetu ilikuwa bado ina turubai upande mmoja,” alisema yule mama. “Mume wangu akasema, tuna deni la vigae, tunakwendaje kutazama vikaragosi? Nikamwambia vigae vitangoja. Hawa wamengoja miaka mia tatu.”

Nimeyaandika maneno yake palepale, nyuma ya tiketi, nisije nikayatengeneza baadaye kama Basho.

Siku ya tano. Kashiwazaki

Upepo tangu alfajiri. Treni ya pwani imesimamishwa. Pale pale pa jana.

Nimempigia simu baba mdogo, Pangani. “Shikamoo baba mdogo.” “Marahaba mwanangu, huko baridi?” Nikamweleza niko pwani, bahari imechafuka, chombo hakiondoki. Akacheka. Nikamwambia na karatasi ya babu ninayo mkononi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

“Hiyo ya Kipumbwi? Huo mwandiko si wa marehemu. Babu yako macho yalishaingia ukungu miaka hiyo. Akirudi bandarini anasimulia, na shangazi yako mkubwa ndiye anaandika. Chuoni alikuwa na khati nzuri kuliko kaka zake wote. Lakini daftari la chombo ni la nahodha, basi limekuwa la nahodha.”

Nilimuuliza kama shangazi aliwahi kuongeza maneno yake. Akasema, “Sasa nani atajua, mwanangu?”

Nimeitazama karatasi mpaka jioni. “Pale pale pa jana.” Shangazi hakuwa Kipumbwi. Alikuwa barazani, Pangani, na yeye pia alikuwa pale pale pa jana.

Siku ya sita. Kashiwazaki hadi Kyoto

Upepo umelala. Safari ndefu kufuata Bahari ya Japani, kisha treni ya mwendo kasi hadi Tsuruga, kisha nyingine hadi Kyoto. Njiani nimelala, na sina la kuandika.

Kyoto nimefika mchana, nikaacha mizigo kituoni, nikatembea hadi Sanjusangendo. Watalii huja kutazama sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, zilizopangwa katika ukumbi wa mbao wenye urefu wa mita 120. Nami nimezitazama, na kweli miguu inaisha nguvu mbele yake. Lakini nilifuata jina jingine la mahali hapa: Rengeoin. Hazina ya hekalu hili ndiyo iliyohifadhi Tosa Nikki kwa mwandiko wa Tsurayuki mwenyewe. Mwaka 1235 mshairi Fujiwara no Teika aliipata mikononi. Alikuwa na miaka 74 kwa hesabu ya zamani, na macho yamechoka. Akainakili kwa siku mbili. Na alipofika mwisho akafanya jambo ambalo kila nikilifikiria nashukuru: aliacha mwandiko wake, akauiga mwandiko wa Tsurayuki herufi kwa herufi, ili watakaokuja wajue mkono wa mtu yule ulikuwaje. Mwaka uliofuata mwanawe, Tameie, akanakili tena. Maandishi ya asili hayapo leo. Tunayajua hasa kwa mikono ya hao wawili, na Sarashina Nikki pia imetufikia kwa mkono wa Teika.

Nimetoka, nikapandisha barabara kuelekea Imakumano. Ni mwendo wa dakika kama ishirini. Hapa ndipo Keene alipokuja kukaa mwaka 1953, akiwa na ufadhili wa masomo na hamu ya kusema Kijapani tu. Akapata kijumba cha mbao mlimani, tulivu, kizuri kuliko alivyoota. Mwenye nyumba alipomwambia kwamba anakuja mpangaji mwingine, Mjapani aliyerudi kutoka Marekani, Keene alinuna, akiogopa atalazimika kusema Kiingereza. Mpangaji huyo alikuwa Nagai Michio, ambaye baadaye alikuwa waziri wa elimu. Wakaishia kula chakula cha jioni pamoja, na ikawa urafiki wa maisha.

Hapa Kyoto pia alijifunza kyogen, mchezo wa kale wa vichekesho, kwa Shigeyama Sennojo, akirudia sauti na hatua za mwalimu wake mpaka ziingie mwilini. Mwaka 1956 alipanda jukwaani Tokyo akicheza mtumishi Taro Kaja, na kati ya watazamaji walikuwamo waandishi wakubwa Tanizaki, Kawabata na Mishima. Nampenda kwa hilo. Msomi wa maandishi aliyeona kwamba kuna mambo katika maandishi ambayo jicho peke yake haliyafikii, akakubali kusahihishwa namna ya kucheka, namna ya kukaa, namna ya kuinua mguu.

Sikuitafuta nyumba. Nilitaka mteremko tu: paa za vigae, moshi wa jikoni, kengele ya mbali, mtoto wa shule na kofia ya njano. Nilishuka giza likiingia.

Siku ya saba. Kyoto hadi Osaka

Treni ya haraka ipo, lakini nimepanda inayosimama kila kituo, ili nipite Yamazaki taratibu. Tsurayuki na wenziwe, baada ya siku nyingi za bahari na hofu ya maharamia, waliupandisha Mto Yodo kutoka upande ninakokaa mimi, maji yakiwa machache, mashua ikiburutwa. Pale Yamazaki wakashuka, wakangoja gari la ng'ombe liwafikishe mji mkuu. Jumla siku 55. Mimi naushuka mto walioupandisha. Mvua nyembamba dirishani, na milima miwili inausogelea mto kama milango.

Walipofika nyumbani Kyoto usiku wa mbalamwezi, walikuta jirani aliyeachiwa nyumba hakuitunza. Bustani imeharibika, misonobari mingine imekufa, mipya imechipua katikati ya mizee. Na yule anayeandika anamkumbuka binti yake mdogo, aliyezaliwa katika nyumba hii na kufia Tosa, asiyerudi pamoja nao. Kisha anamaliza kwa kusema, vyovyote iwavyo, karatasi hizi nizichane upesi.

Nyumbani nimechemsha chai ya tangawizi, nikafungua tasnifu. Tangu mwaka jana nimekwama katika sentensi ya kwanza ya Tosa Nikki. Tsurayuki, mwanamume, gavana mstaafu, anavaa sauti ya mwanamke, kwa sababu wanaume wa cheo chake waliandika shajara kwa Kichina, na yeye anataka herufi za kana, mkono wa wanawake, zinazoweza kubeba kilio. Sentensi ina “nari” mbili. Ya kwanza ni ya jambo lililosikika kwa watu, ya pili ni ya mtu anayesimama na kusema ndivyo. Kiingereza hakina cha kuzitenganisha kwa urahisi. Kiswahili kinacho, sijui kwa nini nilichelewa kukiona. Shida yangu ilikuwa nyingine: sikujua nimpe sauti ya nani huyo mwanamke.

Nimeiweka karatasi ya Kipumbwi kando ya kamusi. Nimeandika kwanza kwa herufi za Kiarabu, polepole, khati yangu mbaya, kisha kwa hizi:

“Shajara, nasikia, ni kazi ya wanaume. Nami mwanamke nitazame itakuwaje. Ndiyo hii naiandika.”